Nyie Watu wa Kule

Neno lenyewe lilinitoka mchana mmoja wa Septemba 2013, nimesimama mlangoni mwa kibanda cha fundi cherehani, Mabatini, Mwanza, nasubiri suruali ipunguzwe pindo. Redio ndogo juu ya rafu ilikuwa inasoma habari za Goma. Nikasema, wala simtazami aliyekuwa anashona: "Nyie watu wa kule mna nini lakini? Kila mwaka vita."

Cherehani ikanyamaza. Mama Jesca aliondoa mguu kwenye kanyagio, akakata uzi kwa meno, akaikunjua suruali yangu na kuipapasa pindo kwa kidole gumba kana kwamba anatafuta sindano iliyosahaulika mle. Ndipo akauliza, kwa sauti ile ile anayoulizia vipimo: "Watu wa wapi, Baba Neema?"

Sikuwa na jibu. Mama Jesca ni Mhangaza wa Ngara. Ngara ni Tanzania, na imekuwa upande huu wa mpaka tangu kabla mama yake hajazaliwa. Lakini Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Kinyarwanda hakiko mbali. Ukimkuta anaongea na dada yake kwa simu, kama hujui, utasema mtu huyu ametoka ng'ambo. Mimi nilikuwa najua. Nilimfahamu kwa karibu miaka ishirini. Ndiye aliyemshonea binti yangu sare za shule tangu darasa la kwanza, na mwaka ambao sikuwa na fedha alinikopesha kitambaa mpaka Machi bila kunikumbusha hata mara moja. Nilijua yote hayo, na bado neno lilitoka.

Toka siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno hilo nyuma, kama mtu anayefuata damu ya kuku aliyechukuliwa na kicheche, nione limetoka wapi. Kwetu nyumbani halikuwapo. Limeingia humu polepole, vita kwa vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya majirani.

Nilikuwa na miaka tisa jeshi la Idi Amin lilipovuka mpaka, tarehe 30 Oktoba 1978, likachukua ardhi yote kati ya mstari wa mpaka na Mto Kagera. Baba yangu alikuwa kibarua bandarini na tulikaa Igogo, hapa Mwanza, chumba na ukumbi. Jioni watu wazima walijaa kwetu kwa sababu tulikuwa na redio ya betri, na baada ya taarifa ya habari walibaki kimya kusikiliza Mazungumzo Baada ya Habari. Hapo ndipo nilipolipata neno "nduli", alivyoitwa Amin. Nililijua neno hilo kabla sijajua Uganda iko upande gani wa ziwa. Hakuna aliyetufafanulia. Tuliliokota tukalitumia: mtoto aliyeiba embe aliitwa nduli, mwalimu aliyechapa sana aliitwa nduli, kwa siri.

Tulivamiwa. Nataka hilo lieleweke kabla sijaendelea, maana kuna watu siku hizi wanaliandika kana kwamba Mwalimu Nyerere aliamka tu akaamua kumtoa mtu madarakani. Daraja la Kyaka lilivunjwa, vijiji vya Kagera vilichinjiwa ng'ombe na watu, na meli zilizotoka Bukoba zilishusha Mwanza familia zisizo na kitu zaidi ya godoro. Nilimwona mama mmoja bandarini amebeba jiko la mkaa, limepoa, na hakutaka kulitua chini. Hayo ni kweli, na kumpiga Amin kulikuwa na haki yake.

Lakini kulikuwa na kweli nyingine ambayo kina mama wa mtaani kwetu waliikumbuka, wakaisema kwa sauti ya chini. Mwaka 1972 ndege za Amin ziliwahi kudondosha mabomu Bukoba na hapa Mwanza. Sababu yake ni kwamba Septemba ya mwaka huo wafuasi wa Milton Obote, aliyepinduliwa Januari 1971 na kupewa hifadhi kwetu, pamoja na vijana wa Yoweri Museveni, walivuka mpaka kutoka ardhi yetu kwenda kumwondoa Amin. Walishindwa vibaya. Waliobaki wa Obote wakarudishwa Tabora, wakakaa kule wakilima na kungoja. Kwa hiyo nduli alipotujia mwaka 1978 hakutukuta mikono mitupu. Tulikuwa na upande nyumbani kwake kwa miaka saba. Watu wazima wa Igogo walilijua hilo, ila baada ya Kyaka hakuna aliyetaka kuonekana anasema maneno yanayofanana na kumtetea Amin. Vita vikishaanza, anayekumbuka mwanzo wake anaonekana mwenye walakini.

Mwishoni mwa Machi 1979 Muammar Gaddafi, aliyemuunga mkono Amin, alituma ndege ya Tupolev kuja kuipiga Mwanza. Roketi zilikosa mji, zikaangukia hifadhi ya wanyama, zikaua swala. Sisi watoto tulifurahi mno. Tulisema hata ziwa letu linapigana. Mama alituambia tukae kimya, akaenda kukaa peke yake uani. Leo ninamwelewa, alikuwa na mimba ya mdogo wangu.

Siku hizo hizo, kati ya tarehe 24 na 26 Machi, vikundi zaidi ya 20 vya Waganda waliokimbia nchi vilikutanishwa Moshi na kufungwa pamoja kama kuni zisizolingana urefu. Redio ikatupatia neno la pili: wakombozi. Na neno la tatu: ndugu zetu Waganda. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili watu walicheza ngoma barabara ya Makongoro, na baba, ambaye sikuwahi kumwona akicheza, alicheza. Yusuf Lule akawa rais. Tulimpenda bila kumjua. Juni, siku 68 tu zimepita, Lule akaondolewa. Akaja Godfrey Binaisa. Mei 1980 naye akaondolewa na tume ya kijeshi ya Paulo Muwanga. Desemba ukafanyika uchaguzi, Obote akarudi Ikulu, na Februari 1981 Museveni akaingia porini kupigana naye. Watu wa wale wawili walikuwa wamevuka mpaka pamoja mwaka 1972, na sisi ndio tuliowafungulia mlango.

Nyumbani kwetu Igogo mabadiliko hayo yalipimwa kwa sukari. Mwalimu alituambia tufunge mkanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilipita, mkanda ukaongezewa tundu. Mama aliamka saa kumi alfajiri kwenda foleni ya duka, akiweka jiwe kushika nafasi yake ili arudi kutuchemshia uji usio na sukari. Sabuni ikawa kitu cha kupeana kama zawadi ya harusi. Kijana wa jirani yetu, aliyeondoka na mgambo huku akituahidi kutuletea kofia ya askari wa Amin, hakurudi. Na wavuvi waliotoka visiwani walikuja na habari za Luwero, kwamba wanakijiji wanakufa kule, na wanaowaua ni jeshi la wale wale tuliowaita wakombozi.

Hapo ndipo niliposikia neno la nne. Baba alizima redio katikati ya habari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema: "Hao Waganda hawatosheki."

Nduli, ndugu, hao. Miaka mitatu tu. Waganda hawakubadilika katika miaka hiyo mitatu. Mkulima wa Masaka aliyekuwa anaiombea mvua migomba yake mwaka 1978 alikuwa anaiombea vile vile mwaka 1981. Kilichobadilika ni gharama tuliyokuwa tunalipa, na hesabu ya gharama hiyo tuliipeleka kwake. Baba yangu alikuwa mtu wa haki, na nasema hivi nikimheshimu kaburini. Hakuweza kumkasirikia Mwalimu, hakuweza kulikasirikia jeshi lililorudi na bendera, hakuweza kujikasirikia yeye aliyecheza ngoma. Akawakasirikia hao.

Najua mlolongo haukuishia hapo, na hili ndilo linaloniuma zaidi nikiukumbuka mwaka 1979. Miongoni mwa vijana wa Museveni waliopigana bega kwa bega na jeshi letu kuelekea Kampala alikuwamo Fred Rwigyema, mtoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda aliyekulia Uganda. Museveni alipoichukua Kampala Januari 1986, Rwigyema alikuwa mmoja wa makamanda wake. Tarehe 1 Oktoba 1990 aliwaongoza wenzake kutoka jeshi hilo la Uganda kuingia Rwanda, na akauawa kesho yake. Mkataba wa amani ulisainiwa Arusha Agosti 1993. Tarehe 6 Aprili 1994 Rais Juvénal Habyarimana alikuwa anarudi Kigali kutoka kwenye mkutano Dar es Salaam ndege yake ilipotunguliwa, na mauaji ya kimbari yakaanza. Sisemi Tanzania ndiyo iliyoyaleta. Walioyafanya waliyapanga wenyewe, na waliowaua Watutsi wana majina yao. Nasema tu kwamba mtu akitia mkono nyumbani kwa jirani, hata kwa haki, hauchomoi tena ukiwa mkavu.

Mto Kagera hauna siri. Unatoka huko juu, unapita mpakani na Rwanda, unazunguka Karagwe na kuja kumwaga maji ziwani kaskazini ya Bukoba. Mei 1994 uliwaleta. Maelfu ya miili ilielea mpaka ziwani, na mingi ilitupwa ufukweni upande wa Uganda. Kasensero, Lambu na Ggolo kuna makaburi yao mpaka leo. Siku zile nilikuwa nauza nyavu na kamba karibu na mwalo wa Kirumba. Nakumbuka asubuhi moja sangara walipangwa juu ya meza tangu alfajiri, macho yao yakaanza kuingia ukungu, na hakuna aliyenunua. Muuzaji mmoja, mama mtu mzima, alimpasua mmoja tumboni mbele ya wateja, akatoa utumbo wote akautandaza kwenye gunia, akasema, "Tazameni wenyewe. Tazameni, hakuna kitu." Watu walitazama, na hawakununua. Alianza kulia huku kisu kiko mkononi. Nilidhani analilia hasara. Baadaye nikasikia kwamba kwao ni Rusumo, pale pale Ngara ambapo watu robo milioni walivuka daraja kwa siku moja mwishoni mwa Aprili.

Mama Jesca alihamia Mabatini mwaka huo huo. Alikuja na cherehani yake ya mkono na mtoto mgongoni. Kambi ya wakimbizi ya Benaco ilikuwa imegeuza kijiji chao kuwa mji, kuni zimekwisha, mashamba yamekanyagwa, na kila alikokwenda aliulizwa kama ni mkimbizi. Aliulizwa hivyo ardhini kwa baba yake. Akaona heri Mwanza.

Nami nimewahi kuonja lile neno la "nyie watu" likinielekea. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper kuhusu sangara wa ziwa letu, ikidai kwamba ndege zilizokuja uwanja wa Mwanza kuchukua minofu kwenda Ulaya zilikuwa zikija na silaha za vita vya Kongo na Angola. Ilituonyesha tunakula mapanki, mabaki ya sangara, na ilionyesha wasichana na watoto wa mitaani wa mji huu kama vile Mwanza haina kingine. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na Mwanza watu waliandamana. Niliandamana. Sikujua kilichobebwa na ndege zile. Kilichonichoma ni kwamba mtu wa mbali sasa angeniona mimi, muuza nyavu, na kusema: nyie watu wa Mwanza, mnaobadilishana samaki na bunduki. Vita hivyo vya Kongo vilikuwa na mikono ya serikali nyingi kuliko vidole vyangu. Rwanda na Uganda zilimwingiza Laurent Kabila, aliyeishi kwetu miaka mingi, kisha mwaka 1998 zikamgeukia na kuunga mkono waasi wa RCD, ambao kiongozi wao wa kwanza, Ernest Wamba dia Wamba, alikuwa profesa wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka mmoja tu RCD ikapasuka, na Juni 2000 Rwanda na Uganda zikapigana zenyewe kwa zenyewe katikati ya Kisangani kwa siku sita, juu ya vichwa vya wenyeji. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuona aibu.

Unaona, basi, kwamba mwaka 2013 sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Mwaka huo Tanzania ilipeleka wanajeshi Kongo, katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa pamoja na Afrika Kusini na Malawi, kupambana na M23, waasi ambao wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba wanasaidiwa na Rwanda. Mtoto wa dada yangu alikuwa mmoja wa waliokwenda. Mei, akiwa Addis Ababa, Rais Kikwete aliishauri Rwanda izungumze na waasi wa FDLR, na Kigali ikakasirika sana kwa sababu miongoni mwa FDLR wamo waliofanya mauaji ya 1994. Maneno yakawa makali pande zote. Julai ikatoka amri kwamba wahamiaji haramu mikoa ya magharibi waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga, Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu walivuka, na wengine kati yao walikuwa wamezaliwa huku, wameolewa huku, wamezika wazazi wao huku.

Kila jioni dada yangu alinipigia simu kuuliza kama nimesikia lolote. Mwishoni mwa Agosti afisa wa Kitanzania aliuawa karibu na Goma, na kabla jina lake halijatangazwa dada yangu alikaa sakafuni usiku mzima, simu mapajani. Hofu hiyo ilinibadilisha masikio. Naisema kama ilivyokuwa. Nikipita stendi nikasikia lafudhi ya magharibi nilihisi kitu kinakaza tumboni. Nilianza kutazama pua za watu, mimi, niliyeona mwalo wa Kirumba mwaka 1994. Mpwa wangu alikuwa upande mmoja wa vita vya watu wengine, na upande huo ulikuwa umenipa adui anayefanana na fundi wangu.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma kwa mara ya kwanza habari za Wapashtuni, na nilisoma mpaka usiku mkubwa. Mwaka 1893 Mwingereza alichora mstari katikati yao. Leo wako Afghanistan na wako Pakistan. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati sisi tunakwenda Kampala, serikali ya Pakistan ilichagua pande katika vita vya Afghanistan, kwanza vyama vya mujahidina vilivyoweka makao Peshawar, baadaye Taliban. Kuna Wapashtuni wengi wa Pakistan walioshangilia. Waliopigana ng'ambo ni binamu zao, na walielezwa kuwa ni ukombozi. Kisha moto ukavuka mstari. Desemba 2014, shuleni Peshawar, Taliban wa upande wa Pakistan wenyewe waliua watoto zaidi ya 130. Na Januari 2018 polisi wa Karachi walimuua kijana wa Kipashtuni, Naqeebullah Mehsud, wakidai ni gaidi. Uchunguzi ukaonyesha hakuwa na hatia. Vijana wenzake wakaandamana mpaka Islamabad, wakidai mabomu ya ardhini yaondolewe vijijini kwao, waliopotea warudishwe, na dharau za vizuizi vya barabarani zikome. Walikuwa wanaiuliza serikali yao swali la Mama Jesca: watu wa wapi? Walilelewa katika vita ambavyo nchi yao iliviunga mkono kwa kulitumia jina lao, na vilipogeuka, jina lile lile likawa ndilo la kushukiwa.

Nilirudi kwa Mama Jesca wiki moja baada ya siku ile ya Septemba 2013. Nilikuwa nimejiandaa kuomba radhi. Nikakuta ukutani, juu ya cherehani, palipokuwa na kalenda, ametundika mfuko wa plastiki wenye kadi yake ya mpiga kura, cheti cha ubatizo cha Jesca na picha ya marehemu baba yake yeye mwenyewe akiwa na kofia ya mgambo. Picha ilikuwa ya 1979. Mzee yule alivuka Kyaka na jeshi letu, alikwenda mpaka Kampala na akarudi. Miaka yote ile Mama Jesca hakuwahi kuniambia, kwa kuwa hakuwahi kufikiri iko siku atahitaji kuniambia.

"Mama Jesca," nikasema, "nisamehe kwa lile neno."

"Neno gani?" akajibu. Akanisogezea kiti. Alilijua neno lenyewe vizuri kuliko mimi, na hakunipa nafasi ya kulitamka tena ili nijisikie nimelitua.

M23 walishindwa Novemba mwaka huo, mpwa wangu akarudi mzima, na polepole masikio yangu yakalegea. Kufikia mwaka 2017 ule mfuko wa ukutani ulikuwa umeshashushwa, kalenda imerudi. Nilifurahi nilipoona hivyo, nikafikiri yamekwisha.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma tena. Wanajeshi wetu walikuwa kule tena. Siku hiyo hiyo, au kesho yake, nilipitia kibandani na shati lililotatuka kwapani. Mama Jesca sasa macho yamepungua nguvu. Anayeshona ni Jesca, aliyeletwa Mwanza mgongoni, hajui kijiji cha Ngara zaidi ya kwenda kuzika. Kutoka barabarani nilisikia redio ikitaja Goma. Jesca aliinua uso, akaniona navuka mtaro, akanyoosha mkono kwenye rafu akaizima. Kisha akatabasamu, akaupokea mfuko wangu, akasema, "Shikamoo Baba Neema, karibu, leo umetuletea nini?"